Kiapo Juu ya Lori la Mathenge

Nyinyi mlikunja gazeti mkaenda zenu. Mkapika, mkalala, mkaamkia shughuli. Hinda hakupata nafasi hiyo. Yuko pale pale, kwenye njia ya vumbi itokayo Sangailu, mkono mmoja umeshika kamba ya turubai la lori, wa pili umeshika kisu cha kuchinjia mbuzi. Kisu kimeshagusa kamba. Na mbele yake kasimama mkwewe Abdisalam, mume wa bintiye, mwenyekiti wa kamati ya kulinda msitu, aliyetoka kutamka maneno haya mbele ya watu wazima na akili zao:

"Kama chini ya turubai hili kuna kitu zaidi ya makaa ya mathenge, basi Ikran ameachika."

Ikran ndiye huyo binti. Wa pekee.

Mwaona hesabu ya mtu yule. Huku kwetu mwanamume akiapa kwa ndoa yake, kiapo hicho hakina mchezo. Akiwa amesema uongo, mke si wake tena papo hapo, hata kama chungu chake kiko motoni. Wanaume wenye haya hukiogopa kiapo hicho, wengine huzeeka na kufa hawajakitamka. Abdisalam alikitoa kama anayetoa leso mfukoni afute jasho.

Maana alijua. Mwenye kisu ni mama. Na mama gani atakayekata kamba huku akijua anakata ndoa ya mwanawe?

"Kata basi, hooyo," akasema. Alimwita mama kwa sauti ile laini ya semina. "Kata. Mimi yangu nimeshasema."

Tangu amwoe Ikran hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Ndiyo adabu yetu, mkwe na mkwe huoneana haya, huzungumza kila mmoja akiangalia mbuzi wake. Leo alimkazia macho. Alikuwa amevaa ile fulana yake ya mifuko mingi, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuona kinachotoka ndani yake, na marashi yake yalifika mpaka kwa ngamia waliokuwa ng'ambo ya njia.

"Hinda," ikaja sauti kutoka kivulini. "Weka kisu chini."

Huyo ni Rage, mume wa Hinda, baba yake Ikran. Ndevu zake amezitia hina, amekalia mtungi wa plastiki ubavuni mwa lori, fimbo magotini.

"Mkwe ameapa," akasema Rage. "Unataka aape nini tena? Achia lori iende kabla ya adhuhuri."

"Rage, tangu lini ukawa na haraka?" Aliyeuliza ni Weris, jirani yao, aliyekuwa na wanawake wenzake wa kikundi cha mbuzi nyuma ya matawi ya miiba. Walikuwa wameyaburuta matawi hayo asubuhi na kufunga njia kama mtu anavyofunga zizi. "Kuhamisha zizi tu huchukua msimu mzima. Leo lori la watu ndilo limekutia haraka?"

"Naa, we Weris, nyamaza."

"Nimenyamaza. Nangoja turubai liseme."

Kwa aliyeanza kusoma leo, nimweleze kwa kifupi, kisha twende. Mathenge ni ule mti mbaya, uliokuja mgeni ukawa mwenyeji, unaoziba mito na kuozesha mbuzi meno. Sheria inaruhusu uukate, uuchome, uuze makaa yake mpaka uchoke, na hakuna atakayekulilia. Lakini mgunga na mbambakofi, kukata ni kosa, kubeba ni kosa, kuuza ni kosa. Wenye viwanda huko mjini siku hizi hawanunui gogo lisilo na cheti cha kuonyesha lilikotoka. Na cheti kinatoka kwa nani? Kwa kamati ya kulinda msitu. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Mmeshajijibu.

Tena kuna benki moja ya Nairobi iliyoleta kile Abdisalam alichokiita fedha ya kijani. Maana yake ni rahisi. Msitu ukisimama, kisima cha umeme wa jua kinabaki, na akina mama wanapewa mbuzi wa kufuga kwa mkopo usio na riba. Msitu ukianguka, kila kitu kinarudi kilikotoka. Mkaguzi wa benki alikuja majuzi. Hakushuka garini. Aliutazama msitu kwenye simu yake, picha iliyopigwa kutoka angani, na angani mathenge ni kijani na mgunga ni kijani. Akasema, "Hapa mko vizuri sana." Akala nyama, akafunga kioo, akaenda.

Akina mama wakabaki na msitu unaopungua na picha inayozidi kupendeza.

Ndiyo maana wakafunga njia. Na ndiyo maana Hinda akashika kisu, maana wengine wote walisema mkono wa kumvua mkwe nguo lazima uwe wa mkwe mwenziwe. Walisahau, na Hinda alisahau, kwamba mtu mwenye mifuko mingi hakosi kitu cha kuchomoa.

Dereva wa lori, Abdilatif, alitoa kichwa dirishani. "Adeer, niwashe?"

Hinda alisikia jambo hilo likapita masikioni kama nzi. Kijana hakumwuliza Abdisalam. Alimwuliza Rage, ndiye aliyemwita adeer, yaani ami. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kamba, akaliacha lipite.

"Usiwashe," akasema.

"Basi kata," akasema Abdisalam. "Au toa miiba njiani. Moja kati ya hayo mawili. Mimi nina mkutano Garissa, watu wa benki wananingoja."

Hinda hakukata. Mkono wake ulikuwa mzito. Aliwaza bintiye akirudi nyumbani na sanduku, watu wakiuliza kwa sauti ya chini, ameachwa kwa sababu gani? Na jibu liwe, mama yake alimwachisha, kwa ajili ya miti. Nani ataeleza hilo mahali popote, kwenye harusi, kwenye kisima, kisha bado ajiite mama?

Na hapo mlango wa lori upande wa pili ukafunguka, mguu ukashuka, kisha buibui, kisha Ikran mwenyewe.

Naam, alikuwa ndani ya lori. Msishangae. Abdisalam alimwambia, "Twende ukamsalimie mama yako, turudi wote kwa lori, ni raha zaidi." Raha. Mtu mwenye gari jeupe la kamati anampandisha mkewe lori la makaa na kusema ni raha. Lori lenye mke kiti cha mbele halipekuliwi sana, watu huona familia, huona haya, hufungua njia. Alimweka pale kama mwingine anavyoweka kibandiko kwenye kioo.

Ikran alizunguka mbele ya lori, akaja akasimama karibu na mama yake.

"Hooyo, nipe kisu."

"Rudi ndani, Ikran."

"Nipe."

"Umesikia alichosema?"

"Nilikuwa dirishani. Nimesikia kila neno." Alimtazama mumewe kidogo, kama mtu anayetazama kitu dukani asichokusudia kununua. "Ananiacha na hata kichwa hakugeuza."

"Sikukuacha," akasema Abdisalam. "Nimeapa. Kuapa si kuacha. Wewe hujui mambo haya, ingia garini."

"Kama ulisema kweli, una wasiwasi gani?"

"Ikran." Hinda alimshika mkono, akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Mwanangu, sikia. Miti itaota tena. Wewe huoti."

"Mbambakofi utaota lini, hooyo? Mpaka uwe mkubwa mimi nitakuwa nimezikwa."

"Na mume je?"

Weris hakungoja jibu la Ikran. "Waume wa namna hii huota hata bila mvua. Kama mathenge."

Wanawake wakacheka nyuma ya miiba. Abdisalam naye alitabasamu, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kutabasamu na wadau.

Hinda hakucheka. Alikumbuka ule ukame mbaya, ng'ombe walipokuwa wakilala hawaamki, yeye akizunguka msituni na upembo mrefu, anaangusha tumba za migunga, mbuzi wanaokota miguuni mwake. Ikran alikuwa shule, na aliporudi jioni alikuta kikombe cha maziwa. Kidogo, lakini alikikuta kila jioni. Maziwa hayo hayakutoka benki. Hayakutoka kwenye picha ya angani.

"Ndiyo hiyo miti?" Ikran akauliza, kana kwamba kaona anachowaza mama yake. "Kama iko humo, nataka niione. Kama haimo, nitarudi kwake nikamwombe radhi. Lakini sitalala tena na mtu ambaye sijui kama ni mume wangu. Hilo hutaki kwangu, hooyo. Au unataka?"

Hinda alikiachilia kisu.

Ikran alikata kamba mara moja tu. Turubai likateleza, likaanguka, vumbi likapanda, na kila mtu akasogea.

Magunia ya makaa.

Magunia ya makaa tu, yamepangwa vizuri, yameshonwa midomo kwa kamba. Weris alipanda tairi, akapasua gunia moja, akachukua vipande, akavitazama, akavipitisha kwa mwenziwe. Makaa yalikuwa ya mathenge. Mwanamke yeyote anayepika huku anayajua, na wote pale wanapika.

Abdisalam akafungua mikono.

"Haya," akasema. "Haya, akina mama. Mmefurahi? Mmemvua nguo mkwe wenu njiani, mchana, mbele ya dereva. Sasa mimi nataka haal yangu. Mmenitukana, na tusi kwetu lina fidia. Nataka dume la mbuzi, na nataka hooyo alilete kwa mkono wake mpaka kwa kamati."

"Atalipa," Rage akasema haraka kutoka kwenye mtungi wake. "Nitalitoa mimi. Yamekwisha. Toeni miiba."

Na Hinda? Niwaambie ukweli wa mama. Alishukuru. Ndoa ya mwanawe ilikuwa bado nzima, na huyu mwenye marashi alikuwa amesema kweli mara moja maishani. Alianza hata kuwaza ni dume gani, yule mwenye pembe moja au yule mweupe.

"Hooyo," Ikran akasema. Hakuwa amesogea. Alikuwa akitazama chini. "Tairi."

Wote wakatazama tairi.

Zilikuwa zimelala. Zile za nyuma zilikuwa zimebonyea kwenye mchanga kama zimebeba mawe. Na makaa, mwanangu hata wewe uliye darasa la pili unajua, makaa ni mepesi. Mwanamke hubeba gunia lake mgongoni huku anaongea na simu.

Tabasamu la Abdisalam lilibaki usoni, lakini mwenyewe alishatoka.

"Abdilatif, washa," akasema.

Abdilatif hakuwasha. Weris alikuwa tayari juu ya lori, na wawili wengine nyuma yake, na magunia yakaanza kuruka. Moja, jingine, yanapasuka chini, makaa yanatawanyika, vumbi jeusi linapaka ile fulana ya mifuko mingi. "Sogea, mwenyekiti," Weris akamwambia, "usije ukachafuka, una mkutano."

Magunia yalikuwa juu tu. Chini yake kulikuwa na magogo.

Mbambakofi, manene, mapya, sehemu zilizokatwa bado nyekundu kama nyama. Kando yake migunga ya zamani, ile ambayo kivuli chake kilikuwa kinatosha mbuzi wa nyumba nzima. Na gogo moja la katikati lilikuwa na pango, na ndani ya pango nyuki wachache wanatembea polepole, hawajui wako wapi, na asali inachuruzika juu ya mbao za lori.



Ndipo Sheikh Yahye alipofika. Ni mwalimu wa dugsi, chuo cha watoto pale karibu, alisikia kelele akaja akiwa bado na ubao wa mwanafunzi mkononi. Wakamweleza. Weris alimweleza kwa ufupi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Sheikh alitazama magogo. Akamtazama Abdisalam.

"Uliyasema maneno hayo?"

"Sheikh, ilikuwa hasira."

"Sikuulizi hali ya hewa. Uliyasema?"

"Niliyasema."

"Basi mke ameachika."

Lakini Abdisalam, wasomaji wangu, alikuwa bado ana mfuko mmoja.

"Sawa," akasema. Alijipangusa makaa mabegani taratibu. "Sawa kabisa. Ni talaka moja. Na talaka moja mume anaweza kurejea ndani ya eda, sheria inanipa haki hiyo, wala simwombi mtu ruhusa. Mashahidi hawa hapa. Nimemrejea Ikran. Ikran ni mke wangu. Sheikh, nimekosea wapi?"

"Hujakosea," akasema Sheikh Yahye. Alilisema kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Ingia garini, Ikran."

Mnaona? Mnaona watu tunaowapa mabinti? Mwizi kashikwa na gogo mkononi, anatumia dini kama mlango wa nyuma. Na angepita. Wallahi angepita, kama mkewe angekuwa yule aliyedhani ameoa.

Ikran aliinama, akafuta kisu kwenye mchanga.

"Na Balambala?" akauliza.

"Balambala nini?"

"Msimu uliopita, ulipoenda Balambala na lori hili hili. Wanawake wa kule walikusimamisha. Uliapa vipi?"

"Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Wanawake wa Balambala wana simu, Abdisalam. Uliapa, kama kuna mgunga humu Ikran ameachika. Wakakuona mtu mzima, wakakufungulia." Akageuka. "Abdilatif, wewe ndiye uliyeendesha. Kulikuwa na mgunga?"

Kijana aliangalia usukani. Halafu akamwangalia Rage. Halafu akaangalia usukani tena.

"Mzigo wote ulikuwa mgunga mtupu," akasema kwa sauti ndogo. "Hata magunia ya juu hatukuweka."

"Na mkutano wa kamati, hotelini Garissa," Ikran akaendelea, "wazee walipokuuliza kuhusu mibambakofi ya bondeni. Uliapa tena, kwa ndoa hii hii. Uliapa sana kwa jina langu, mume wangu, mpaka mimi mwenyewe nilikuwa najisikia kama mhuri wa ofisi. Mibambakofi ya bondeni iko wapi leo?"

Visiki vya bondeni kila mmoja pale alikuwa amevikalia.

Sheikh Yahye aliuweka ubao wa mwanafunzi chini, pole pole.

"Abdisalam," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hilo si jambo dogo. Umeapa uongo Balambala, mke akaachika. Ukarudi nyumbani. Uliishi naye kama nani? Umelala na mwanamke wa watu kwa hukumu gani?"

Hapo ndipo mtu yule alipoogopa. Kuitwa mwizi wa magogo hakukumgusa, mwizi wa magogo huchaguliwa tena. Lakini kuitwa mzinzi, na sheikh, mbele ya wakwe, habari ifike Garissa kabla yake. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"La, sheikh. Hapana. Mimi si mtu wa hivyo. Nilimrejea."

"Ulimrejea?"

"Nilimrejea kwa maneno, njiani tu, kabla sijafika nyumbani. Balambala nilimrejea, na Garissa nilimrejea. Abdilatif alikuwapo, alinisikia. Sema, Abdilatif."

"Nilimsikia," Abdilatif akasema. "Mara zote mbili. Nilidhani anaongea na simu."

"Kwa hiyo unakubali," Sheikh Yahye akasema taratibu, "kwamba ya Balambala ilikuwa talaka, ukarejea. Na ya Garissa ilikuwa talaka, ukarejea."

"Nakubali. Wallahi nakubali. Mimi ni Mwislamu safi."

"Basi hii ya leo ni ya tatu."

Ilichukua muda kumfikia. Hinda aliona jinsi ilivyomfikia, kutoka masikioni mpaka machoni mpaka magotini. Mwenyekiti aliyezoea kutia sahihi vyeti bila kusoma alikuwa ametia sahihi talaka yake bila kusoma. Ya tatu haina kurejea. Ya tatu imefungwa na kufuli limetupwa mtoni.

"Sheikh, subiri—"

"Mimi nasubiri nini? Umekiri mwenyewe, na shahidi umemleta mwenyewe." Sheikh aliokota ubao wake. "Huyu si mke wako. Usimguse, usimwamuru, usimwambie ingia garini."

Ikran hakulia. Alimwendea mama yake akampa mkono, na mkono ulikuwa baridi kama maji ya kisima. Hinda aliushika kwa mikono yake yote miwili. Alitaka kusema nisamehe, lakini mwanawe alimkatiza mapema.

"Usiseme kitu, hooyo. Hukunikata wewe. Nilijikata mwenyewe, na kamba ilikuwa mbovu."

Weris alishuka kwenye lori, mweusi mikono mpaka viwiko. "Na uenyekiti je? Huyu tulimwingiza kamati kwa kuwa ni mkwe wa hapa. Sasa ni mkwe wa nani? Wa tairi?"

Sasa wote walicheka, hata sheikh aligeuza uso. Na kicheko, nyinyi mnajua, ndicho kitu pekee ambacho mtu wa aina hii hawezi kukikatia cheti.

Abdisalam alisimama katikati ya makaa yaliyomwagika. Jasho lilikuwa limechora mistari usoni mwake. Aliwatazama mmoja mmoja, na alipozungumza tena ile sauti ya semina ilikuwa imemtoka, ikabaki sauti yake ya kuzaliwa, nayo haikuwa nzuri.

"Mnanicheka mimi," akasema. "Mimi natoa karatasi tu. Mimi nina msumeno? Nina watu wa kukata? Nina lori? Lori hii mnadhani ni yangu? Mnadhani ningeingiaje kule ndani ya malisho yenu, mimi mgeni, kama hakuna mwenyeji wa kunionyesha mti upi uko wapi?"

Kicheko kikafa.

"Ni ya nani basi?" Weris akauliza.

Abdisalam hakujibu kwa mdomo. Aligeuza uso tu, pole pole, akautuliza kwenye kivuli cha lori. Juu ya mtungi wa plastiki.

Rage alikuwa ameshasimama.

Na hapo lile jambo lililopita masikioni mwa Hinda kama nzi likarudi na kutua. Adeer, niwashe? Achia lori iende kabla ya adhuhuri. Nitalitoa mimi dume, yamekwisha. Na zile safari za kufuata ngamia upande wa mto, miezi hii yote, anarudi na viatu vyenye utomvu, na yeye Hinda akivisugua kwa majivu bila kuuliza.

"Rage," akasema. "Lori ni ya nani?"

"Mtu huyu ametoka kuaibishwa, anatafuta wa kuanguka naye."

"Sikuuliza habari zake."

"Hinda, usinihoji mbele ya watu. Mimi ni mzee wa nyumba hii."

"Lori ni ya nani?"

Rage aliikaza fimbo mkononi. Akatazama wanawake, akatazama sheikh, akatazama magogo na nyuki waliokuwa wakizunguka pango lao. Ungedhani mtu aliyeona kwa macho yake, sasa hivi, kile kiapo kilivyomfanya mwenzake, angekikimbia mpaka Masalani. Lakini wanaume wa namna hii wana chombo kimoja tu, na kikiwakata vidole wanakishika kwa mkono wa pili. Rage alimtazama mkewe aliyemzalia, aliyemwoshea viatu, akafanya hesabu ile ile ya Abdisalam. Nani atamtia aibu mama mtu mzima? Nani atasema jina, huku akijua anamwachisha mwanamke mwenye mvi?

Akainua fimbo.

"Aabo," Ikran akasema. "Baba, usimalize."

"Kama lori hii ni yangu," Rage akasema kwa sauti kubwa, "basi Hinda ameachika."

Upepo uliburuta vumbi la makaa katikati ya njia. Weris alijifunika mdomo kwa mtandio. Sheikh Yahye alifumba macho. Na ndani ya lori, Abdilatif alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa usukani. Yeye ndiye anayejua anampelekea nani ufunguo kila jioni.

Mwanzoni, kwa ajili ya bintiye, mkono wa Hinda ulikuwa mzito. Sasa ilikuwa zamu yake mwenyewe, na alishangaa jinsi alivyojisikia mwepesi. Alifunga mtandio wake vizuri kichwani. Akatembea mpaka mbele ya lori, akaketi mchangani, mgongo kwenye tairi, ili lisiondoke bila kupita juu yake.

"Abdilatif, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Inua kichwa useme jina. Na usinihurumie."